Madaftari 43, mawingu yale yale

Nilifundisha Kiswahili darasa la nane hapa Kenya kwa miaka mingi, enzi za KCPE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi. Insha ilikuwa ya dakika 40 na alama 40, nasi walimu tulijua alama hizo zinakopatikana. Tuliwakaririsha watoto tashbihi, methali na tanakali, tukawapa na mianzo iliyokwisha kupikwa. Ndani ya chumba cha mtihani ilibaki kupakua tu.

Mwaka mmoja mto ulivunja kingo, maji yakaingia kijijini. Wiki iliyofuata nikawapa insha kuhusu mvua. Kati ya madaftari 43, zaidi ya nusu yalianza na mawingu yaliyotanda "mithili ya blanketi jeusi". Sentensi hiyo niliiandika mimi ubaoni muhula uliotangulia.

Binti mmoja nyumba yao ilikuwa imefurika. Insha yake ilipata alama 34, na mafuriko ya kwao hayakuwamo hata kidogo. Nikamwita anisimulie. Akanieleza mama alivyopandisha gunia la mahindi kitandani, kuku akarukia juu ya gunia, vifaranga wakabaki wakilia gizani.

"Mbona hukuyaandika?"

"Hayo hayana mapambo, Mwalimu."

Jibu hilo liliniuma, linaniuma hadi leo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba aliyoyaona kwa macho yake hayafai kuandikwa.

Sisemi mtihani mmoja kwa nchi nzima ni uovu. Uliwafikisha watoto wa mashambani katika shule za kitaifa, na baadhi yao niliwafundisha mimi. Lakini mapambo ni rahisi kuhesabu, basi tukafundisha mapambo. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala wa umilisi ukashika nafasi, ila mazoea hayo nayaona bado kwa watoto wa Gredi ya 6 wanaojiandaa kwa KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi.

Mzazi, mtoto akikuletea insha, usianze na alama. Muulize: hapa ulikuwa wapi, ulisikia nini? Akisimulia yasiyomo daftarini, mwambie ayaandike hayo, hata kwa maneno ya kawaida kabisa. Nawe mwalimu mwenzangu, wape dakika tano wasimuliane wawili wawili kabla ya kushika kalamu. Ukisahihisha, tafuta kwanza sentensi moja ambayo mtoto mwingine asingeweza kuiandika, uipigie mstari. Tahajia ifuate baadaye.

Binti yule nilimrudishia daftari aanze upya. Sentensi yake ya kwanza: "Kuku wetu alipanda kitandani kabla yetu."