Kuondoa Git kwenye Ubuntu: kwanza linda folda ya .git

Mkuu, umesema unataka kuondoa Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, ukapiga `sudo apt remove git`, lakini ukiandika `git --version` laptopu bado inakujibu, na unaogopa kuendelea kufuta usije ukapoteza kazi. Una haki ya kuogopa. Mimi nilipoteza.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa hesabu wa mama mmoja anayenunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: madebe yaliyoingia, magunia yaliyopakiwa, nani anadaiwa. Kazi ya miezi minane. Ubuntu yangu ilikuwa 22.04, inayokuja na Git 2.34.1, nami nikataka toleo jipya zaidi. Nikapiga `sudo apt purge git`, inayofuta programu pamoja na mipangilio yake ya mfumo, kisha nikaingia kwenye folda ya mradi nikafuta `.git` nikidhani ni masalia ya programu. Faili za mradi zilibaki, ila historia yote ya mabadiliko ikapotea. Wiki iliyofuata nilibadilisha sehemu ya madeni, jumla zikaanza kutoka vibaya, na sikuwa na toleo la nyuma la kurudia. Ilibidi nikae na yule mama na madaftari yake, mstari kwa mstari, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi ujue kwamba apt, ile amri ya Ubuntu ya kusakinisha na kuondoa programu, inaondoa programu tu. Folda ya `.git` iliyomo ndani ya mradi ni kazi yako, usiiguse. Faili la `.gitconfig` lililo kwenye folda yako ya nyumbani, lenye jina lako na baruapepe, nalo linabaki hata ukipiga purge, kwa hiyo ukirudisha Git hutajiandikisha upya.

Kabla ya kuendelea, na wakati Git bado inajibu, ingia kwenye kila mradi upige `git bundle create mradi.bundle --all`. Unapata faili moja lenye historia yote uliyokwisha kukomiti, yaani kuihifadhi ndani ya Git kwa `git commit`. Lihamishie kwenye flashi. Siku ya kulirudisha unapiga `git clone mradi.bundle`. Ambacho hujakomiti hakiingii humo, kwa hiyo komiti kwanza.

Sasa hiyo Git isiyotaka kuondoka. Andika `type -a git`, ikuonyeshe kila mahali Git ilipo. Ukiona `/usr/local/bin/git`, basi wewe au aliyekuuzia laptopu aliijenga kutoka kwenye msimbo wake, na apt haina habari nayo kabisa. Hiyo inafutwa kwa mkono: faili hilo lenyewe, folda ya `/usr/local/libexec/git-core`, na `/usr/local/share/git-core`. Humo `/usr/local/bin` utakuta pia mafaili yanayoanza na `git-`, kama `git-shell` na `git-upload-pack`. Yaangalie moja moja, maana mengine huwa ni ya programu nyingine kabisa. Ukishafuta, teminali ikilalamika kwamba faili halipo, piga `hash -r` ili isahau njia ya zamani.

Kurudisha ni rahisi: `sudo apt update`, halafu `sudo apt-get install git`. Ukitaka toleo jipya kuliko la Ubuntu, tanguliza `sudo add-apt-repository ppa:git-core/ppa`, inayoongeza hazina yenye matoleo mapya ya Git. Miongozo ya zamani inayosema usakinishe `git-core` achana nayo. Enzi hizo kwenye Debian jina la `git` lilikuwa la programu nyingine.

Nimeandika apt-get kwa makusudi, kwa sababu ya bando. Amri ya `apt` hufuta vifurushi (mafaili ya `.deb`) ilivyopakua mara inapomaliza kusakinisha, lakini `apt-get` huviacha `/var/cache/apt/archives`. Huku Nyegezi mmoja akishapakua, wengine tunabeba kwa flashi: `git`, `git-man` na `liberror-perl`. Unaviweka kwenye folda moja, unapiga `sudo apt install ./*.deb`. Hakikisheni tu mna toleo moja la Ubuntu.

Bandika hapa majibu ya `type -a git` kabla hujafuta chochote ndani ya `/usr/local`. Nitakuwa hewani jioni, tuyaangalie pamoja.