Weka hiyo drili chini kwanza: shida ya pibgorn yako ni ulimi, sio matundu

Mkuu usitoboe. Chomoa hiyo drili ukutani, irudishe ulikoitoa, halafu ndio tuongee.

Umesema uko Swansea, umenunua pibgorn miezi miwili iliyopita, noti za juu zinasikika zimeshuka, na wikiendi hii unataka kupanua matundu mawili ya juu "kidogo tu". Umeuliza pia habari ya kupuliza bila kukata pumzi, nyimbo za kuanzia, na wapi pa kupata mwalimu. Hayo mengine nitayagusa nikiweza, ila hilo la drili limenikaba koo maana mimi nililifanya hivyohivyo mwaka 2019, na mpaka leo nikifungua kabati nikaiona ile pibgorn yangu imelala na ufa wake roho inaniuma.

Kwa wanaopita tu wasiojua tunaongelea nini: pibgorn ni zumari ya watu wa Wales, pib ni bomba na corn ni pembe. Ni mti uliotobolewa katikati, mara nyingi mti wa elder kwa sababu moyo wake ni laini kama sifongo unausukuma tu unatoka, una matundu sita mbele na moja nyuma la dole gumba, kisha pembe ya ng'ombe kila mwisho. Pembe ya chini inatoa sauti, ya juu ndio unaweka mdomo. Ndani ya hiyo ya juu kumefichwa kipande cha tete kimezibwa kichwani na kuchanjwa ubavuni, pale palipochanjwa ndio ulimi wenyewe unaotetemeka. Sisi wa pwani tumezoea nzumari ambayo ulimi unaushika mdomoni, ukiwa na tatizo unalisikia kwenye midomo yako hapohapo. Pibgorn mdomo haugusi ulimi kabisa, unapuliza ndani ya pembe basi, na hapo ndipo tunapopotea wote. Usichokiona unakisahau, unaanza kuulaumu mti.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Yangu niliinunua pauni 260, hela ya shifti za usiku, kwa fundi anayezitengeneza kwa mkono, na mzee wa watu alinipa na ulimi wa akiba kwenye kichupa kidogo akaniambia nitauhitaji. Sikumuelewa, nikakitupia kwenye droo. Baada ya wiki kadhaa nikaona noti za juu zimelegea. Badala ya kumpigia yeye nikaingia kwenye video nikamkuta jamaa mmoja, ana kofia, ana meza ya useremala nzuri nyuma yake, anaongea kwa kujiamini kabisa: noti ikiwa chini, panua tundu lake. Basi. Dakika nne video imeisha. Na ubaya ni kwamba hajasema uongo, ukipanua tundu noti yake inapanda kweli, ila ile ni nusu ya maneno, na nusu ya maneno imeharibu vyombo vingi kuliko uongo mtupu. Huyo bwana mlango wake ukikwaruza sakafu nadhani anachonga sakafu! Nilimwandikia chini ya video kumweleza kilichotokea, akafuta maoni yangu. Watu kama wale wananikera mpaka leo kwa sababu video bado ipo na vijana wanaitazama.

Basi usiku ule nimekaa jikoni, simu mezani ina programu ya kupimia sauti, mkononi nina tupa nyembamba ya mviringo. Napuliza, mshale unalala kushoto. Nakwangua tundu kwa tupa mara tatu nne, napuliza unga wa mti utoke, napuliza tena noti, mshale umesogea. Ile raha ya kuona mshale unasogea ndio iliyoniponza, nikaenda hivyo zaidi ya saa nzima mpaka matundu yote mawili mshale ukasimama katikati kabisa. Nikalala nimetabasamu.

Asubuhi nikapuliza. Noti za chini nzuri tu, yale matundu mawili yanapiga mayowe, yamepanda mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Kilichotokea ni vitu viwili na vyote ni ulimi. Kwanza siku chache nyuma niliuchomoa kuukausha, wakati wa kuurudisha sikuusukuma mpaka mwisho, zikabaki nje kama milimita mbili. Milimita mbili kwenye noti za chini huzisikii sana kwa sababu hewa inasafiri mti mzima, lakini kwenye noti za juu njia ya hewa ni fupi, milimita hizohizo zinakuwa sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo zenyewe ndio zinashuka zaidi. Ndio maana mtu anaona noti za juu tu ndio mbaya anadhani ni matundu ya juu. Ni WEWE huyo mkuu, umeandika hivyohivyo! Pili, kwa kupuliza saa nzima mfululizo ulimi ulilowa, ulimi uliolowa ni mzito unashusha sauti, mimi nikawa nakwangua mti kuufuata ulimi mbichi. Asubuhi umekauka, umerudi mahali pake, mti hauwezi kurudi.

Nikaenda nayo kwa yule fundi. Hakunigombeza na hilo ndio liliniumiza zaidi. Akausukuma ulimi ndani kwa kidole gumba, akasogeza uzi uliofungwa juu yake, akapuliza, kila noti ikakaa isipokuwa mbili zangu. Akaziba kingo za matundu kwa nta ya nyuki kuyapunguza, akaniambia kwa sasa itapigika. Ikapigika kweli mpaka joto la Julai, vidole vyenye jasho, nta ikaanza kuteleza. Na mimi badala ya kumrudia nikachukua ncha ya kisu nikwangue nta ya zamani niweke mpya, nikabonyeza kidogo, nikasikia tk. Ufa mwembamba kama unywele kutoka tundu la juu kabisa mpaka la pili. Sauti ile ndogo ya tk siisahau. Pauni 260.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu na nitairudia mpaka unichoke: ULIMI KWANZA, MTI USIGUSE. Ulimi ni utambi, mti ndio taa. Taa ikififia huigongi nyundo, unakata utambi. Makumbusho ya St Fagans hapo Cardiff yanazo pibgorn tatu za karne ya 18, mti umevuka karne mbili na zaidi, ulimi wa tete ukifika mwaka bado unapiga vizuri shukuru Mungu. Cha kubadilishwa ni kipi hapo?

Leo jioni fanya hivi. Toa pembe ya juu taratibu kwa kuzungusha, usivute. Tazama ulimi umeingia mpaka wapi, usukume ndani kidogo, ukiwa umelegea kwenye tundu lake zungushia uzi wenye nta chini yake ukaze. Halafu tazama ule uzi uliofungwa juu ya ulimi wenyewe, ukiusogeza kuelekea ncha, sehemu inayotetemeka inakuwa fupi na sauti inapanda, ukiurudisha nyuma inashuka. Sogeza kwa upana wa ukucha tu, sio zaidi. Kama ukipuliza ulimi unajifunga sauti inakata, chukua unywele mmoja, ndio unywele wa kichwani, upitishe chini ya ulimi pale kwenye mzizi wake, utaunyanyua kiasi cha kutosha. Kama sauti imepanda mno, punje ya nta kwenye ncha inaushusha. Puliza dakika tano usimame, usipime noti ulimi ukiwa umelowa. Na uwe na ndimi tatu, tena za plastiki zipo hazihangaishwi sana na unyevu, ujaribu zote. Zote tatu zikisema tundu lilelile ni baya basi funga kwenye kitambaa mpelekee aliyetengeneza. Aliyetengeneza, sio wewe, sio mimi, sio mwenye kofia.

Kuhusu pumzi: jaza mashavu hewa, ukisukuma ya mashavuni vuta nyingine puani. Chukua mrija na glasi ya maji, ukiweza kutoa mapovu bila kukatika dakika nzima umefika. Kama uliwahi kumtazama mpiga nzumari harusini mashavu yalivyovimba, ni kitu kilekile. Lakini nacho usikianze na ulimi mbovu, utajitesa bure.

Nyimbo anza na yoyote isiyovuka oktavu moja maana pibgorn haina zaidi ya hapo. Na usikate tamaa, chombo hiki kimepita pabaya zaidi ya hapo, karne ya 18 mtafiti wa mambo ya kale Daines Barrington aliandika kwamba huko kaskazini ya Wales kilikuwa kimebaki karibu kisiwa cha Anglesey peke yake, na miaka ya karibuni kimesikika tena kwa watu kama wale wa Calan, bendi ya Wales.

Sasa hivi toa pembe ya juu upige picha ya ulimi kwa ubavuni, weka na rula pembeni nione umebaki nje milimita ngapi. Niko macho mpaka saa sita usiku. Na uniambie drili iko wapi.