Ukitaka kumwona chui-milia akilea, anza kwa kukaa mbali naye

Nimekuwa muongoza watalii Serengeti kwa miaka 14, na katika kipindi hicho nimekwenda mara 4 katika Hifadhi ya Ranthambore, jimboni Rajasthan nchini India, kwa lengo moja tu: kumtazama chui-milia anavyotafuta mwenzi na anavyolea watoto. Wasomaji kadhaa wanaojiandaa kwa safari kama hiyo wameniuliza waanzie wapi. Nitawaeleza niliyojifunza, pamoja na kosa moja ambalo hadi leo linaniuma.

Mazoea ya simba yaacheni nyumbani. Kwetu mtu hufika penye kundi, akazima gari, na majike wakaendelea kunyonyesha mbele yake kana kwamba hayupo. Simba jike ana dada na shangazi. Watoto wa kundi hulelewa pamoja, na mara nyingi hunyonya hata kwa jike asiye mama yao. Chui-milia hana msaidizi. Kwa kawaida huzaa watoto 2 hadi 4, wasioona bado, kichakani au penye mwanya wa miamba, baada ya mimba ya siku zipatazo 103, na kwa takriban miezi 2 ya mwanzo hulazimika kuwaacha peke yao kila anapokwenda kuwinda. Usalama wao wote umo katika kufichika kwa mahali walipolala. Ndiyo maana anayemtafuta mama huyu kwa macho tu hukosa mengi. Hutafutwa kwa masikio, kwa nyayo na kwa pua.

Nasema pua kwa makusudi. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili dereva wetu alisimamisha gari ubavuni mwa mti ulioinamia njia, akaniambia ninuse bila kushuka. Gome lilikuwa bado na unyevu, na harufu iliyonijia ilikuwa ya wali wa basmati unaopikwa, dhahiri kiasi kwamba niligeuka kutafuta moshi. Chui-milia alikuwa amepita akanyunyiza alama yake, na ndani ya majimaji hayo mna kemikali ileile inayoupa mchele wa basmati harufu yake. Jike anapoingia joto, yaani anapokuwa tayari kupandwa, hunyunyiza mara kwa mara kuliko siku nyingine, na huita kwa ngurumo ndefu inayosikika mbali sana msituni. Dume akiifikia alama hiyo huinusa, huinua mdomo wa juu, hukunja pua na kubaki hivyo kwa muda akiipima harufu. Ukimkuta katika hali hiyo, usihangaike kumfuata. Zima injini, usikilize jike anaitia wapi.

Wakishakutana hukaa pamoja siku chache. Tendo lenyewe huisha katika sekunde, lakini hurudiwa mara nyingi kwa siku, kwa sababu yai la jike huachiliwa kutokana na kupandwa kwenyewe. Dume humshika jike ngozi ya kisogo kwa meno, kisha hulazimika kuruka nyuma upesi, maana jike hugeuka na kumpiga kofi. Wageni wengi wakiliona kofi hilo hudhani wanashuhudia ugomvi, na huanza kupiga kelele garini wakati ambapo kimya kinahitajika zaidi. Daftarini andika saa ya kila tukio, nani alimwendea mwenzake, na waliachana siku gani. Tarehe hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwani ukihesabu siku mia moja mbele yake, unajua wakati wa kuanza kumwachia jike nafasi.

Mimi sikumwachia. Katika safari yangu ya pili tulikuwa na jike ambaye chuchu zake zilikuwa zimevimba, ishara ya wazi ya anayenyonyesha. Siku 3 mfululizo alikunywa maji ziwani Rajbagh, kisha akashika korongo lilelile, haraka, bila kunusa mti wala kugeuka nyuma. Siku ya 4 nilimwomba dereva tukamsubiri kwenye mdomo wa korongo, na magari mengine mawili yakatufuata. Jike alikuja, akatuona, akaketi hatua kama sitini kutoka tulipokuwa. Alikaa hapo zaidi ya saa nzima, masikio yameelekezwa kwetu, huku watoto wake wakisubiri maziwa nyuma yetu. Mwishowe akaondoka alikotoka. Asubuhi iliyofuata alivuka barabara akiwa na mtoto mmoja kinywani, ameshikwa ngozi ya shingo, miguu ya nyuma ikining'inia. Akarudi mtupu, kisha akavuka tena na wa pili. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, naye alikuwa akihema. Chui-milia huwahamisha watoto hata asiposumbuliwa, najua, lakini siku ile sikuwa na shaka kwamba mimi ndiye niliyemhamisha.

Tangu hapo huegesha penye maji, kamwe si penye maficho. Mwezi wa Aprili na Mei, majani yakiwa yamepukutika na vidimbwi vimekauka, mama hana budi kufika ziwani, na hapo utayasoma yote unayoyahitaji: matiti yake, mwendo wake, damu ya mawindo kidevuni, muda aliotumia. Kuanzia Julai hadi Septemba sehemu kuu za hifadhi hufungwa kwa ajili ya masika ya huko, kwa hiyo usipange safari miezi hiyo.

Kuhusu dume, usiwe mwepesi wa kumhukumu. Ni kweli kwamba dume mgeni anayetwaa eneo huweza kuwaua watoto aliowakuta, na mama aliyefiwa hurudi katika joto mapema. Hata hivyo baba wa watoto mara nyingi huvumiliwa karibu yao, na hapohapo Ranthambore, mwaka 2011, jike aliyetambulishwa kwa namba T-5 alipokufa, dume wa namba T-25 alionekana akiwalinda watoto wake wawili wa kike. Tazama jinsi wanavyosalimiana: chui-milia wanaoaminiana hupuliza pumzi fupifupi puani, kama mtu anayekoroma kwa upole.

Sauti hiyo niliisikia kwa karibu katika safari ya 4. Tulikuwa ng'ambo ya maji, mbali na nyasi alimoingia jike, tumekaa tangu alfajiri. Alitoka, akatoa mguno mdogo kooni, na nyasi zikatikisika mahali patatu. Watoto walikuwa wa miezi 3 hivi. Wa mwisho kutoka alimpita mama, akaja hadi ukingoni karibu nasi, akanywa, akapuliza pua kwa sababu maji yalimwingia, kisha akakimbia kuufuata mkia wa mama yake.