Mstari mgongoni hautoshi kumwita farasi dani (jibu kwa mwenye mwanafarasi wa Nanyuki)

Mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote mpaka chini. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa yetu wa Nanyuki ana mwanafarasi jike. Mama ni wa kahawia mwenye singa nyeusi, damu mchanganyiko, na baba ni Thoroughbred, wale farasi wa mbio wenye ukoo ulioandikishwa. Alizaliwa na mstari mweusi mgongoni na michirizi kwenye miguu ya nyuma. Sasa manyoya ya kuzaliwa yamepukutika, miguu imetakata, mstari umebaki kwa mbali. Mmoja, dalali anayemharakisha, kamwambia huyo ni dani (kwa Kiingereza dun, rangi ya farasi aliyepauka mwili akabaki na mstari mgongoni), amuuze bei ya juu. Mwingine kasema mama yake alipandwa na pundamilia.

La pundamilia tulimalize haraka. Chotara wa farasi na pundamilia wapo, na hapo hapo Nanyuki wamewahi kuzalishwa wabebe mizigo Mlima Kenya. Lakini chotara huyo hahitaji kufunguliwa uzi. Milia inamjaa shingoni, mabegani na miguuni, na haipotei akibadili manyoya. Wako si huyo.

Turudi kwenye dani. Nimefanya usaisi Kenya kwenye mazizi ya farasi wa mbio, na siku hizi niko Norway, kazi yangu ni farasi wa Fjord. Kule sikuwahi kumwona Thoroughbred halisi aliye dani, na huku sioni farasi wa rangi nyingine. Fjord wote ni dani, wengi wao wa kahawia iliyopauka. Ukishinda nao unaacha kuhangaika na mstari, unaangalia mwili wote.

Dani kwanza ni kupauka. Ubavu, shingo na mapaja vinakuwa hafifu, huku kichwa, miguu ya chini, mstari wa mgongoni, na katikati ya singa na mkia vikibaki na rangi kamili. Farasi mwekundu akiwa dani anakuwa wa rangi ya pichi mwenye mstari mwekundu. Mweusi anakuwa wa rangi ya panya, kichwa cheusi. Wa kahawia anakuwa wa mchanga, mstari mweusi. Fjord wananyolewa singa zisimame, zile nyeupe za pembeni zinakatwa fupi kidogo ili weusi wa katikati uonekane. Ni urembo, lakini pia ni somo zuri kwa mgeni: rangi mbili kwenye shingo moja, na mpaka wake umenyooka. Mstari wa dani nao uko hivyo hivyo. Kingo zake ni kali, unaanzia kwenye singa na kuingia mkiani bila kukatika.

Sasa kwa nini sehemu moja ipauke na nyingine isipauke? Hapa ndipo panaponoga. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba chanzo ni jeni inayoitwa TBX3. Walikata nywele za dani na kuzitazama kwa hadubini, wakakuta rangi imejaa upande mmoja tu wa unywele, upande wa pili karibu mtupu. Ni kama penseli iliyopakwa rangi nusu ya mzunguko. Kwa farasi asiye dani rangi inazunguka unywele mzima. TBX3 ikifanya kazi kwenye kifuko cha unywele inazizuia chembe za rangi zisikae upande mmoja. Pale kwenye mstari wa mgongo zuio hilo halipo, ndiyo maana unywele wa pale umejaa rangi kote. Kwa hiyo mstari si weusi ulioongezwa. Ni rangi ya asili ya farasi iliyoachwa bila kupunguzwa.

Watu wengi wanachanganya hili na jeni ya krimu, na hata kwenye majibu ya juu limechanganywa. Krimu inapunguza rangi yenyewe, hasa nyekundu, wala haijali ni sehemu gani ya mwili. Farasi wa kahawia akipata krimu moja (nakala ya mzazi mmoja) anakuwa wa dhahabu mwenye singa na miguu myeusi, wale wanaoitwa bakskini. Ukimwona kwa mbali unaapa ni dani. Mweusi akipata krimu moja habadiliki sana, kwa hiyo ukikuta farasi wa rangi ya panya mwenye kichwa cheusi, usianze kumtafutia krimu. Na farasi mmoja anaweza kubeba zote mbili, hapo ndipo mabishano ya zizini hayaishi.

Mwanafarasi wako basi. Manyoya ya kuzaliwa ni ya kuhadaa. Watoto wengi wa kahawia na weusi huzaliwa wamepauka, wana mstari, wengine na michirizi miguuni, na vyote hivyo hufifia wakipata manyoya ya kikubwa. Nimewaona Thoroughbred wa namna hiyo, baba na mama wana vyeti na hakuna dani ukoo mzima. Wakubwa nao baadhi yao huwa na kivuli cheusi mgongoni kinachokuja na kuondoka kwa msimu. Kivuli hicho kina kingo zilizotawanyika. Ndiyo maana nakuomba umpige picha kutoka juu, penye mwanga mzuri, halafu usubiri abadili manyoya tena.

Ila umesema mstari umebaki. Ukiendelea kubaki, kuna jambo ambalo zamani lilikuwa linawasumbua hata wafugaji wazoefu: farasi mwenye alama za dani lakini mwili haujapauka. Utafiti ule wa 2016 ulilipatia maelezo. Asiye dani yuko wa aina mbili. Toleo moja la jeni wameliita nd1, jingine nd2. Kwenye nd2 kipande cha DNA cha herufi 1,600 na ushee kimekatika jirani na TBX3, na wenye nd2 mbili (moja ya baba, moja ya mama) kwa kawaida hawana alama hizo. nd1 haina pengo hilo. Mwili haupauki, lakini mstari hafifu unaweza kujitokeza, kwa mmoja ukaonekana vizuri, kwa mwingine kidogo tu. Dani inaishinda nd1, na nd1 inaishinda nd2.

Hiyo nd1 si matokeo ya ufugaji. Waliikuta kwenye DNA ya farasi wa Siberia aliyeishi miaka kama 43,000 iliyopita, tena yeye alibeba nakala moja ya dani na moja ya nd1. Farasi wasio dani walikuwepo porini muda mrefu kabla ya hatamu na tandiko.

Hesabu ya wazazi. Thoroughbred hana dani ya kumpa mtoto, kwa hiyo kama ipo imetoka kwa mama. Na dani hairuki kizazi, nakala moja tu inatosha ionekane. Mama wa kahawia iliyoiva, asiyepauka, hana. Angekuwa wa kijivu aliyegeuka mweupe ningesema subiri, kwa sababu ule weupe unafunika kila kitu chini yake. Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi naweka dau langu kwenye nd1 ya mama.

Mdau wa Lamu aliyeuliza kama punda nao wana dani, jibu ni ndiyo. Yule wa kijivu mwenye msalaba, mstari mgongoni na mwingine ukishuka mabegani, ni dani wa kipunda. Mwaka 2020 walionyesha kwamba punda weusi wasio na dani wanatofautiana naye kwa herufi moja tu ya DNA iliyodondoka, nayo iko jirani na TBX3 ile ile.

Ukitaka uhakika, maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis inapima dani kwa nywele. Zing'oe kwenye singa au mkia, usikate kwa mkasi, kwa kuwa DNA wanayoihitaji iko kwenye mzizi. Ikirudi na D (ndiyo dani) hata moja, dau langu limeliwa na anayetaka kununua alipe. Ikirudi nd1/nd2 una farasi wa kahawia mwenye mstari, muuze kwa miguu yake na tabia yake. Na huyo dalali anayekuharakisha umuuze kabla hajabadili manyoya tena, muulize anaharakia nini.