Fundi wa Tanga, mkataba wa Malindi: hesabu siku

Huku pwani ya Kenya mtu wa Tanga au Unguja hatumwiti mgeni. Lugha ni moja, msikiti ni mmoja, pengine hata shangazi yake ameolewa Mambrui. Mwenye karakana ya useremala humkabidhi randa na patasi siku hiyo hiyo, na habari za kibali cha kazi hukumbukwa maafisa wa uhamiaji wakishabisha hodi. Kisheria, seremala huyo na mpishi Mwitaliano wa hoteli ya barabara ya Casuarina, Malindi, wote ni raia wa kigeni, ila kila mmoja ana njia yake ya kupitia. (Mpemba aliyezaliwa hapa ni habari nyingine. Jamii hiyo ilitambuliwa kuwa ya Kenya mwaka 2023, kwa hivyo mwenye kitambulisho asisumbuliwe.)

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi wanachama, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataka kibali cha kazi kwa mkataba wa zaidi ya siku 90, na ombi liwasilishwe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Wengi huteleza hapo: wanahesabu tangu fundi ashike kazi, kumbe hesabu ilianza siku ya sahihi. Kusanyeni vyeti kwanza, sahihi ije mwisho. Mamlaka inatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30, na cha kwanza hakizidi miaka 2. Kazi isiyozidi siku 90, tuseme kuchonga milango ya nyumba moja, ni ya pasi maalumu, lakini nayo huombwa.

Kabla ya yote, fungua pasipoti uutazame muhuri wa mpakani, wa Lunga Lunga kwa mfano. Ule ni ruhusa ya kuingia na kukaa siku zilizotajwa, basi. Aliyekuja na jahazi akashukia Ngomeni bila kumwona afisa wa uhamiaji hana hata huo, na ombi lake litakwama kabla halijasomwa.

Ombi hujazwa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: Fomu 25 ya kuomba kibali, barua ya mwajiri, nakala ya pasipoti, picha, vyeti vya kazi, cheti cha usajili wa kampuni, PIN ya Mamlaka ya Mapato (KRA) na cheti cha kutodaiwa ushuru. Kinachochelewesha mafaili mengi ya pwani ni jina. Pasipoti ya Tanzania imeandika Athumani, mkataba uliochapwa Malindi umeandika Athman, na cheti cha ufundi kina majina mawili badala ya matatu. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti isiyorekebishika, mtu aape kwa wakili na kiapo kiambatishwe mapema, usingoje kuulizwa.

Mpishi Mwitaliano ana kazi zaidi. Idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 ni ya kuingia nchini tu, haimruhusu kushika sufuria ya hoteli hata siku moja ya majaribio. Yeye anahitaji kibali cha daraja D, kile cha mgeni anayeajiriwa. Mwajiri aeleze kwa nini Mkenya hakupatikana, na amtaje Mkenya atakayejifunza kazi hiyo ili aje airithi. Ukiandika jina la mwosha vyombo ili kujaza nafasi tu, afisa ataliona mara moja. Vyeti vya Kitaliano vitafsiriwe Kiingereza.

Kukubaliwa nako si mwisho. Ada ilipwe, palipo na ada, na kibali kigongwe kwenye pasipoti, kisha anayekaa zaidi ya siku 90 ajisajili achukuliwe alama za vidole, apate kitambulisho cha mgeni. Wengi huiruka hatua hii wakidhani kibali kimetosha.

Kumweka mtu kazini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Na kibali kina jina la mwajiri mmoja na kazi moja. Seremala akihamia karakana ya jirani, hata kwa wiki mbili za kusaidia, cha kwanza hakimfuati. Jirani aombe chake, nawe uiandikie Idara ya Uhamiaji kwamba ameondoka, taja tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.