Barua kwa mwanangu: huyo mume wangu anayeng'ata wenzake

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza usiku, nikausikiliza tena alfajiri baada ya kuswali. Unauliza umpeleke mjukuu wangu hospitali au umvumilie, maana ana miaka minne sasa na bado anagaragara chini, anang'ata wenzake chekechea, na ukimwita anajifanya hasikii. Baba yake anasema ni utundu tu, wifi yako anasema jini, mwalimu anataka fimbo.

Kugaragara peke yake hakunitishi sana. Wewe ulinigaragaria soko la Muheza kwa sababu nilikumenyea ndizi uliyotaka kuimenya mwenyewe. Nikaendelea kuchagua nyanya. Lakini hilo la "anajifanya hasikii" ndilo limeninyima usingizi.

Mjomba wako mdogo alichapwa shule miaka miwili kwa ukaidi. Alikuwa akitokwa usaha masikioni tangu mdogo, nasi tukitia mafuta ya nazi tukidhani tunatibu. Siku moja bibi yako aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Kuku walitimka uani, yeye akaendelea kuchambua mchele. Alikuwa na miaka tisa. Zile fimbo zote alipigwa kiziwi.

Kwa hiyo anza na masikio. Daktari akimulika tochi akasema pako safi, mwombe apimwe usikivu wenyewe. Mwambie pia kama anakoroma na kulala mdomo wazi, kwani mtoto asiyelala vizuri hushinda na hasira. Na ukimwona ameduwaa ghafla, macho wazi, humpati kwa sekunde kadhaa, mrekodi kwa simu. Kuna kifafa kisichoangusha mtu.

Yapo yasiyongoja hata wiki. Maneno aliyokuwa akiyasema yakianza kupotea, akijigonga kichwa ukutani hadi kujiumiza, au akibadilika ghafla baada ya degedege, malaria kali au kuanguka, mpeleke. Akianza kumwogopa mtu fulani, au kukojoa kitandani ilhali alishaacha, muulize taratibu mkiwa wawili, wala usimtaje mtu kabla yake.

Wifi yako usigombane naye. Kisomo na kisomwe, hakizuii masikio kupimwa. Mwalimu ndiye wa kumkatalia waziwazi: hakuna fimbo mpaka tujue. Muulize tu kama huko shule anafanya yaleyale ya nyumbani, maana daktari atataka kujua. Andika kwenye daftari ameanza saa ngapi, kulitokea nini kabla, na alitulia baada ya muda gani. Wakikupa rufaa ya Muhimbili, kitengo cha akili, usione haya. Watoto huonwa huko, na kama ni usonji, ile hali ya mtoto kupata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, heri ujue akiwa na minne kuliko tisa.

Ijumaa napanda basi la asubuhi. Usinitandikie sebuleni. Nitalala na mume wangu, nimsikilize anavyokoroma.

Mama yako