Usiing'oe injini ya hiyo Carina, chungulia kwanza matundu ya plagi

Mkuu, simama hapo hapo, usimpe mtu hela.

Umeandika kwamba Carina Ti yako ya 1998, injini 5A, inamisi (silinda moja haichomi mafuta) na kutetemeka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), fundi kachomoa plagi kakuta oili, kasema ringi za pistoni zimekwisha utafute injini nyingine, na kakuomba advansi ya laki 5. Ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, kwa gari ileile, mpaka nikadhani ni fundi yuleyule.

Mwaka 2021 nilitoa 1,400,000 ya injini ya mtumba na 250,000 ya ufundi, gereji moja huku Nyakato, Mwanza. Kabla ya hapo nilishatoa 30,000 ya kupima kwa mashine. Mashine ikataja sensa ya oksijeni, nikanunua sensa, gari ikaendelea kutetemeka kama ina malaria. Baadaye sana ndiyo nikaelewa kwamba silinda isiyochoma inatupa hewa yake nzima kwenye ekzosi, sensa inaona oksijeni imezidi, inapiga kelele. Yaani nilimfukuza shahidi.

Basi fundi akachomoa plagi ya silinda ya 3, akaiinua inadondosha oili. "Bosi, unaona mwenyewe, injini inakunywa." Nikaona. Ambacho sikuona ni kwamba oili ililowesha kile kigae cheupe na nati ya juu, huku ncha inayoingia ndani ya silinda ilikuwa kavu, ya kahawia kama ganda la karanga. Ringi zikiisha oili inapanda kutokea chini, ncha ndiyo inalowa, na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Yangu haikuwa na moshi hata chembe! Nilipouliza nikajibiwa, "Utaanza tu." Na mimi na digrii yangu nikaitikia.

Plagi za 5A zimezama kwenye matundu marefu katikati ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, na kila tundu lina sili yake ya mpira. Gari ikizeeka mpira unakakamaa, oili inachuruzika kutoka juu inatuama kwenye tundu, inaloweka kichwa cha waya, mpira wa waya unaharibika, umeme unaruka pembeni badala ya kufika kwenye ncha. Hiyo ndiyo misi yenyewe. Bei ya sili ni ndogo mno ukilinganisha na injini.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Injini ikafungwa siku mbili. Fundi, kwa kunionea huruma, akahamishia waya zangu za zamani: "Hizi bado nzima bosi, za nini kununua." Akawasha. Inatetemeka vilevile! Nilicheka, maana kulia gereji ni aibu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa injini za mitumbwi, nilimpa lifti kutoka Kirumba jioni. Hatukufika mbali akaniambia nipaki. Tukasubiri giza, tukafungua boneti injini ikiunguruma, akanyunyizia waya maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Cheche za bluu, tik tik tik, kutoka waya wa 3 kwenda kwenye tapeti kava. Kesho yake nilinunua seti ya waya 35,000, gari ikatulia kama imezimwa.

Ile injini yangu ya awali fundi aliichukua kwa 100,000 "kama chuma chakavu". Mpaka leo nikipishana na Carina nyeupe Igoma natega sikio.

Kwa hiyo usinunue chochote, hata plagi, mpaka ujue ni silinda ipi imekufa. Injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa waya wa plagi mmoja, rudisha, nenda unaofuata. Tumia koleo yenye mpira, usishike kwa mkono mtupu, itakurusha mpaka Sengerema. Ukichomoa na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa isibadilike kitu, umempata marehemu. Usikawie, petroli mbichi inaharibu masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Kisha zima, hamishia plagi ya marehemu kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama, ni plagi. Usipohama, jaribu waya vivyo hivyo. Ikigoma hapo ndiyo upime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda zote nne, na wewe umesimama pale unasoma geji kwa macho yako. Mimi hiyo geji sikuwahi kuonyeshwa, na sikuiulizia.

Kesho asubuhi toa plagi zote nne, zipange kwa mfuatano wa silinda juu ya kitambaa, piga picha ncha na kigae, weka hapa. Na hiyo advansi ya laki 5 aliyokuomba fundi, kama hujaitoa, mwambie fundi kwamba mkeo kaificha.